Wawili wa Mkunguni

Dama alifika mjini, mtaa wa Kuze, asubuhi, tenga la muhogo kichwani, akasimama mlangoni kwa Bwana Gharib. Desturi yake ilikuwa kutua tenga barazani kwanza, apewe maji, ndipo aseme. Siku ile alisema kabla ya kutua.

"Bi Mwanakuu, kule shamba kazi imesimama. Lile tingatinga limegonga ukuta. Ukuta wa mawe, chini ya udongo, palepale tulipokuwa tukipanda kunde."

Mwanakuu, mke wa Bwana Gharib, alikuwa ukumbini akitoboa viua vya kofia. Karibu naye palisimamishwa nguzo za mikoko kuizuia dari, maana boriti kuu ya ukumbi ilikuwa imeoza, na mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimeishusha mpaka ikaning'inia kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Kwa ajili ya boriti hiyo na wenziwe ndipo shamba lao la Mkunguni likauzwa.

"Ukuta wa nani?" akauliza.

"Hakuna ajuaye. Wamekuja watu wa makumbusho na Mzungu wao. Hawachimbi kwa jembe wale, wachimba kwa kijiko na brashi. Wasema palikuwa na mji hapo, wa watu wa kabla ya Mreno." Sasa Dama akatua tenga, akaketi, akashusha sauti. "Na wamepata makaburi."

Sindano ikasimama katika kitambaa. Mwanakuu alimtazama Dama, na Dama akatazama mikono yake mwenyewe. Mikono hiyo ndiyo iliyoshika kata ya maji siku alipooshwa mtoto. Tangu siku ile, wanawake hawa wawili walikuwa wameonana kwa muhogo, kwa nazi, kwa harusi na kwa matanga, na hawakuwahi kulitaja jambo lile.

"Upande gani?" Mwanakuu akauliza.

"Upande wa maji."

Basi. Dama akanywa maji yake. Alipokuwa akijitwisha tenga akasema, si kwa ubaya ila kwa uchovu: "Mimi na mume wangu Menza twahama mwisho wa mwezi. Nyinyi shamba limewapa paa. Sisi limetupa ruhusa ya kubomoa kibanda chetu wenyewe." Mwanakuu akaingia jikoni. Akamfungia mahamri katika kipande cha kitambaa, akaona haya kwa udogo wa ile zawadi.

*

Bwana Gharib alirudi adhuhuri na habari ileile, ila yeye aliipata kwa upande mwingine. Alikuwa karani wa wakala wa forodha huko Kilindini, na bandarini habari hutia nanga kabla ya meli. Kampuni iliyonunua shamba ilitaka kujenga maghala, kwani Shimanzi palikuwa pamekwisha kujaa. Sasa ilikuwa imeamriwa isimwage hata karai moja la zege mpaka wachimbaji wa mambo ya kale wamalize. Na kampuni nayo ikasema, basi hatulipi kilichobaki mpaka tukabidhiwe ardhi.

"Vigae!" akasema Gharib akinawa mikono. "Vigae vya vyungu vya watu waliokufa vyazuia paa la watu walio hai!"

Binti yao Mahfudha, aliyekuwa akifundisha shule ya wasichana, akacheka. Mwanakuu hakucheka.

"Baba Mahfudha, wamepata makaburi."

"Nimesikia. Ya kale hayo."

"Na letu?"

Gharib alitia tonge kinywani, akalitafuna muda mrefu kuliko wali unavyotafunwa.

"Mbele ya mtoto?" akasema hatimaye.

Mtoto mwenyewe alikuwa mwanamke mzima. Akamtazama mama, akamtazama baba.

"Neno hilo lisitoke nyumba hii," akaendelea Gharib, na sauti yake ilikuwa ya karani anayesoma masharti. "Wakisikia pana kaburi la juzi pale, watasema tumewauzia maziara. Watadai walichokwisha kutupa, nacho kiko wapi? Kile pale." Akaonyesha uani, zilikolazwa boriti mpya zikimngoja fundi. Kisha akainuka, akatawadha upya ingawa udhu wake haukuwa umevunjika, akatoka kwenda msikitini, na sahani ikabaki nusu.

Ndipo Mahfudha akasogea. "Mama, kaburi la nani?"

Mwanakuu akamwambia, akizoa punje za wali moja moja. Wakati wa vita, mji ulipotishika kwamba Mjapani angekuja kupiga mabomu, watu wa Kuze walitawanyika. Yeye alipelekwa shamba pamoja na mkwewe, akiwa na mimba ya kwanza. Bandari ilikuwa imejaa manowari, na makarani wakilala hukohuko Kilindini, hawaachiwi kutoka. Mtoto akazaliwa, wa kiume. Gharib alituma jina kwa mdomo wa mtu: aitwe Aidarus. Mtoto akaitwa Aidarus jioni, na alfajiri akafa. Mvua ilikuwa haisimami, njia ya mjini ilikuwa maji matupu, wakamzika palepale, upande wa maji, kando ya hori. Mkwewe alipanda mshubiri kichwani pa kaburi. Miaka ikapita, mshubiri ukafa, jembe likapita, na mahali pakawa shamba kama shamba lote.

"Na Baba?"

"Babako alikuja baadaye."

*

Mchana ule Mwanakuu alijilaza, na usingizi ukamchukua kama maji yanavyochukua kijiti. Akajiona yumo ndani ya nyumba isiyo na paa. Kuta zake zilikuwa nyeupe, na mwanga ulikuwa umetulia ndani yake kama maziwa katika bakuli. Hakuogopa. Alijua jiko liko wapi, alijua kizingiti gani kimelika, alijua ukikata kushoto utakuta kisima. Katika chumba cha ndani alikuwako mwanamke akifagia, kampa mgongo, na ufagio wake haukutoa sauti.

"Hodi," akasema Mwanakuu.

"Karibu," akajibu yule bila kugeuka. "Wako alilia. Nikamchukua nikamnyonyesha pamoja na wangu. Sasa wamelala."

Mwanakuu akataka kumshukuru, akataka kuuliza wamelala wapi, lakini ufagio ulikuwa umefika mlangoni, na mwanamke akatoka nao kwenye ule weupe wa nje. Alipoamka, kifua kilimuuma ule uchungu wa maziwa yaliyokauka zamani. Akakaa kitandani akisikiliza njiwa juu ya paa bovu. Asubuhi yake, Gharib alipokwenda kazini, Mwanakuu alivaa buibui akashika njia ya Mkunguni.

*

Shamba lilikuwa limezungushiwa waya. Mlangoni palikuwa na kibanda cha mabati, na ndani ya kibanda Katana, kijana mkubwa wa kutoka bara ya Kilifi, mwenye koti la kampuni na rungu asilolihitaji.

"Kibali, mama."

"Kibali cha nini? Hapa ni shambani kwangu."

"Palikuwa kwako. Pameuzwa." Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu anayemwambia mwenziwe kwamba mvua inanyesha. "Mwenye kuingia ni mwenye karatasi."

Mwanakuu akasimama kando ya waya. Malori yalipita yakielekea Shimanzi, yakamvika vumbi mpaka buibui likawa rangi ya majivu. Alisimama jua likapanda. Dereva mmoja akampigia honi, akamwita bibi harusi. Katana aliona haya kwa niaba ya dereva, akamletea debe la kukalia, lakini mlango hakuufungua.

Aliyeufungua ni yule Mzungu. Alikuwa mrefu, mwekundu kwa jua, suruali yake fupi imejaa udongo, na wafanyakazi walimwita Bwana Brashi hata mbele ya uso wake. Kiswahili alikijua vizuri, kile cha kujifunzia Lamu.

"Sabalkheri, mama. Wamekuweka juani kwa nini? Wataka kuona nyumba?"

"Nataka kuona nyumba," akasema Mwanakuu.

Wakaingia. Na pale, chini ya minazi aliyoijua yote, ardhi ilikuwa imefunuliwa kama mtu anavyofunua shuka. Kuta zilifika magotini, na chokaa yake ilikuwa bado nyeupe. Bwana Brashi alikuwa akieleza: hapa ukumbi, hapa daka la kuwekea vyombo, hapa wenyewe walilala. Mwanakuu hakumsikia vyema. Alikuwa akitembea katika vyumba vile kwa mwendo wa mtu aliyerudi kwao baada ya safari. Penye kizingiti aliinua mguu kabla hajakitazama. Akakata kushoto.

"Kisima," akasema.

"Ndiyo, tumekipata juzi. Umejuaje?"

"Kisima kingekaa wapi tena?"

Nje ya ukuta wa nyuma, upande wa maji, palikuwa pamefunikwa kwa makuti. Bwana Brashi akayaondoa kwa uangalifu mkubwa, akachutama. Walikuwa wawili. Walikuwa wadogo mno, mifupa yao myembamba kama ya ndege, wamelala sambamba kwa ubavu, nyuso zimeelekezwa kibla. Kati ya mmoja na mwenziwe usingeweza kulaza hata mkono.

"Hawa ndio bora kuliko vyote tulivyovipata," akasema taratibu. "Watoto wa nyumba hii. Tunawapakia katika masanduku yao, waende Nairobi, kisha huenda wakapelekwa ng'ambo wakachunguzwe."

Minazi ikazunguka. Mwanakuu akajikuta ameketi juu ya ukuta wa watu wa kabla ya Mreno, na yule mtu mrefu akimpepea kwa kofia yake.

"Bwana," akasema alipoweza kusema, "mmoja ni wangu."

*

Jioni ile Gharib alirudi amekwisha kuambiwa. Habari ilikuwa imefika bandarini: mke wa karani Gharib amekwenda kulia ndani ya mashimo ya kampuni. Mkubwa wake wa kazi alimuuliza mbele ya matarishi kama nyumbani kuna salama. Akaja nyumbani na aibu hiyo kama mtu aliyebeba sufuria ya moto, hana pa kuitua.

"Nilikwambia neno lisitoke."

"Wataka kumtia sandukuni," akasema Mwanakuu. "Wataka kumpeleka ng'ambo. Hata wewe ulipokuwa kijana hukuwahi kufika ng'ambo."

"Hilo paa litatuua, Mama Mahfudha. Sote wawili twaliona. Tukirudisha tulichopokea tutalala wapi?"

"Sijui."

"Ukitaka kusema, sema basi tutalala wapi!"

"Nimesema sijui, Gharib."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tupu tangu walipozaa. Mahfudha, aliyekuwa akisahihisha madaftari ya watoto karibu na dirisha, akauliza bila kuinua macho, kwa sauti ndogo isiyokuwa ya mwalimu:

"Baba, kaka yangu angekuwa na umri gani sasa?"

Gharib alifungua kinywa kujibu. Mtu aliyefanya hesabu za shehena maisha yake yote, hesabu hii hakuiweza. Alitoka, akaenda kwa sheikh wa msikiti wao. Aliporudi alisema maneno machache tu: sheikh amesema penye haja maiti huhamishwa, huvikwa sanda, huzikwa upya. Na kesho yeye haendi kazini.

*

Alivaa kanzu yake ya Idi. Mwanakuu alimfuata nyuma, na Dama alikuwa amekwisha kufika, amesimama na Menza mumewe nje ya waya. Mara hii Katana alifungua mlango kabla ya kuombwa.

Pamoja na Bwana Brashi alikuwako mtu wa kampuni, kijana aliyevaa shati jeupe na tai. Alikuwa mkali kwa namna ya mtu anayeulizwa kila siku na wakubwa wake kwa nini hajamaliza.

"Mzee, uliponiuzia shamba nilikuuliza, pana kaburi? Pana mgogoro? Ukaniambiaje?"

Wafanyakazi waliacha vijiko vyao. Gharib alikuwa mtu wa mbele katika mtaa wake, mtu wa kuamkiwa. Akasimama mbele ya kijana wa umri wa binti yake, mikono imeshuka.

"Nilikwambia hapana kitu."

"Na sasa?"

"Sasa nakwambia mwanangu yumo. Nilijua yumo, na nikauza."

Mwanakuu alikaza buibui usoni. Kwa miaka yote ile alikuwa akidhani Gharib amesahau.

Bwana Brashi akawaongoza nyuma ya ukuta, akaondoa makuti. Akaeleza kwa upole kwamba mmoja bila shaka ni wa kale, lakini majembe na mvua vimechanganya udongo, na waliomzika Aidarus walifukua palepale walipozika watu wa kwanza bila kujua. "Siwezi kuapa yupi ni yupi," akasema. "Lakini nikiwapeleka kwenye maabara, huenda baada ya miezi wataalamu wakatueleza. Nitamrudisha wako mwenyewe, kwa mkono wangu. Naahidi."

Wote wakamtazama Mwanakuu. Alichutama, buibui likagusa udongo. Aliwatazama sana. Alitafuta kitu kifuani mwake, mshtuko au mvuto, kitu cha kumwambia huyu ndiye. Hakikuja. Kilichokuja ni ule weupe wa nyumba isiyo na paa, na sauti ya mwanamke ambaye hakuuona uso wake.

"Nipeni wote," akasema.

"Mama, huyu mwengine si…"

"Si wangu, najua. Lakini kalala na wangu muda wote huu. Mamake angekuwapo ningemuuliza. Hayupo. Mimi nipo."

"Huyu ni historia ya pwani yenu," akasema Bwana Brashi, na kweli alikuwa na uchungu, macho yake yalionyesha. "Hatutapata mwengine kama yeye."

"Hata mamake hakupata mwengine kama yeye."

Aliyekata shauri hakuwa mwenye huruma. Alikuwa kijana wa tai, aliyekuwa akitazama saa yake na kuona mbele yake kadhi, mahakama, magazeti, na mwezi mwingine bila zege. "Wapeni wote wawili waende!" akasema. "Na mzee, gharama ya kuchelewa tutaikata kwenye baki yako."

"Kateni," akasema Gharib.

Bwana Brashi aliomba jambo moja tu, awachore kwanza. Mwanakuu akakubali. Wakangoja wote kivulini mwa ukuta huku penseli ikitembea, naye Dama akashuka hadi hori kuchota maji katika kata.

*

Walikata fedha nyingi. Kilichobaki kilitosha kumlipa fundi wa boriti za ukumbi tu. Vyumba vya juu vilifungwa milango, vikaachiwa popo. Menza na Dama walihamia Kisauni kwa ndugu, na Mwanakuu akawa akivuka kwenda kumtazama Dama kila alipomaliza kofia. Maghala yalijengwa. Lakini hayo ni ya baadaye.

Siku ile wanaume wa Kuze waliwachukua wale wawili kwenda mavani kuwazika. Hawakuhitaji jeneza. Gharib alibeba mmoja kwenye mkono wa kulia na mmoja kwenye mkono wa kushoto, sanda zao zimefungwa sawasawa, na kila aliyetaka kumpokea akamkatalia kwa kichwa. Wanawake walibaki nyumbani wakisoma. Dama hakuujua ule usomaji, aliketi karibu na Mwanakuu, bega kwa bega, na hakuna aliyemwona mgeni.

Wasomaji walikuwa wamekwisha kuondoka Gharib aliporudi. Kanzu ya Idi ilikuwa na udongo magotini. Mwanakuu alikuwa uani, juu ya mkeka, karibu na zile boriti. Gharib akavua viatu, akaketi mkekani kando yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka.

"Nimewashusha mwenyewe," akasema. "Kaburi moja."

"Vyema."

Kuku wa jirani alipita, akatazama, akaenda zake. Jua lilikuwa limelalia ukuta wa uani, na kila kitu kilikuwa kimya kama kitu kilichomo ndani ya maji.

"Mwanakuu. Siku ile nilifika udongo umekwisha kusawazishwa. Mama akanipa maji nikanawa miguu, nikarudi Kilindini. Palikuwa na meli ya kupakuliwa." Hapo sauti yake ikawa ya mtu anayeomba kitu mlangoni kwa watu. "Sikumwona. Alikuwaje?"

Mwanakuu alifikiri kidogo, aanze wapi.

"Masikio yalikuwa yako," akasema. "Yalisimama hivi. Nikiyalaza kwa kidole, yainuka tena."

Gharib alipeleka mkono kwenye sikio lake, akalishika.

"Na nini tena?" akauliza.